Supu ya Peru Haina Nazi

Baba yangu, Haruni, alirudi kutoka Peru na begi moja, kofia ya sufu na hamu ya supu. Zawadi hakuleta. Aliondoka nikiwa darasa la kwanza, akanikuta nimemaliza kidato cha nne na nina mdomo ambao walimu wote wa nidhamu walishindwa kuufunga.

"Shikamoo," nikamwambia. "Wewe ndiye yule wa kwenye picha ya sebuleni? Maana yule wa kwenye picha ana shingo."

"Marahaba," akasema, akacheka. "Umi umekuwa mkubwa."

"Ndiyo kazi niliyokuwa naifanya siku zote hizi."

Mama hakucheka. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango, mkononi kashika ukindu aliokuwa akisukia mkeka, anaukunja na kuukunjua bila kuutazama. Nikaona nimalize ucheshi wangu kwa siku ile.

Habari ya baba kwa ufupi ni hii. Alipata ubaharia kwenye meli ya uvuvi ya Waperu. Mwaka wa kwanza akawa anapiga simu. Halafu simu zikakata, na tukawa tunapata habari zake kwa mdogo wake, baba mdogo Abeid. Kila Idi baba mdogo alikuja na kanzu yake iliyopigwa pasi, akala biriani yetu, akafuta mdomo, akatoa habari: meli imekamatwa, Haruni kanyang'anywa makaratasi, kakwama huko Peru, hawezi kutoka, anawasalimu sana. Mama aliipokea kila habari kama ilivyo. Akawa anasuka mikeka, mimi nikala, nikavaa, nikasoma kwa ukindu.

Alipita fundi Zubery wa Jibondo, anayeunda mashua, mtu mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Akatuma watu kwa babu Suleimani, mlezi wa mama: mama yangu, Mwanamkuu, aende kwa shehe, aombe faskhi, ndoa ivunjwe, naye atamuoa. Mama akajibu, "Mume wangu hajanitupa. Kakwama." Fundi Zubery akangoja, akaja tena, akajibiwa vilevile. Sasa ana mke kisiwani Juani na nyumba ya bati jipya. Tukikutana naye mjini Kilindoni ananiuliza, "Mama hajambo?" halafu anatazama viatu vyake.

Basi baba karudi. Lakini kwa ukoo wetu, hapa Baleni, Mafia, mume aliyemwacha mkewe bila huduma haingii tu ndani na begi kama mpangaji. Anafikia kwa ndugu yake. Wazee wanapanga siku, mke anapika, sinia moja linawekwa mbele ya mashahidi. Mume anakula tonge la kwanza, mke anafuata. Mke akishakula, wamepatana. Dua inasomwa, begi linaingia ndani, na tangu hapo hakuna ruhusa ya kumuuliza ulikuwa wapi, ulifanya nini, na nani. Tonge la mke limefunga mlango.

Mama alikuwa amekwisha kuamua. Aliniambia usiniudhi, nimengoja, nataka mume wangu aingie ndani.

"Hata hujamuuliza kitu," nikasema.

"Nimuulize nini? Mtu kapotezewa makaratasi nchi za watu. Nimwongezee na maswali?"

Wiki hiyo nzima baba alikaa barazani kwa baba mdogo Abeid, akihadithia. Watu walijaa. Alisema huko Peru kuna baridi ya kupasua midomo, kuna milima yenye barafu, na kuna supu. Supu hiyo inaitwa sankochado. Nyama ya ng'ombe vipande vikubwa, mihogo, viazi, mahindi na magunzi yake, karoti, kabichi, vyote chungu kimoja. Aliitaja mpaka wazee wenye pengo wakameza mate.

"Na nazi?" mmoja akamuuliza.

"Nazi!" Baba akapiga paja. "Huko mnazi haupo, mzee wangu. Tangu nimeondoka Mafia sijaonja tui. Nilikuwa naota tui usingizini."

Watu wakamsikitikia. Kwetu sisi, kisiwa kizima minazi, mtu kukaa miaka bila tui ni sawasawa na kufungwa jela. Mama mmoja alitoa machozi kabisa.

Nilipomletea mama hadithi hiyo, nilitaka tuicheke. Yeye akaacha kusuka. "Hiyo supu," akasema, "unaweza kuitafuta kwenye simu?"

"Mama, mtu anaota tui, wewe umpikie maji ya kabichi?"

"Tui atalila maisha yake yote yaliyobaki. Siku hiyo moja nataka aone kwamba hata huko alikokuwa nilikuwepo."

Nikatoa simu. Nikatafuta.

Nikampata bibi mmoja wa Peru, mnene, ana kitambaa kichwani kama mama mkubwa Mize, anapika huku anaongea Kihispania mwanzo mwisho. Kihispania changu kinaishia kwenye jina la nchi. Lakini chungu hakina lugha. Nikamtazama bibi yule mara nyingi, nikawa namtafsiria mama: "Anasema nyama iingie kwanza na maji baridi. Anasema toa povu. Anasema mkwe wake mvivu."

"Kasema hivyo kweli?"

"Uso wake umesema."

Mama akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia siku nyingi, na mimi nikaona aibu kwa sababu nilikuwa simtaki yule mgeni mwenye kofia ya sufu, na hapa nilikuwa namsaidia kuingia.

Siku ya siku nilikwenda Kilindoni mapema. Nyama ya kidari na mfupa wake nikaipata buchani kabla haijaisha. Viazi, karoti na kabichi vinatoka bara, na mwenye navyo ni Elineema, Mpare mmoja mwenye genge karibu na stendi ya bodaboda, ambaye huamini kwamba sisi watu wa visiwani tungekufa kwa kukosa mboga kama asingehamia.

"Kabichi zima?" akauliza. "Umi, nyinyi tangu lini mnakula kabichi?"

"Baba kaja kutoka Peru. Huko wanakula majani."

"Basi baba yako ni Mpare."

"Hapana, Mpare angerudi na akiba."

Akacheka mpaka akaniongezea karoti. Mihogo ilikuwepo shambani kwetu, na mahindi mabichi tuliyapata kwa jirani.

Tukainjika nyama asubuhi kwenye sufuria kubwa ya shughuli, juu ya mafiga, moto wa makumbi ya nazi. Mama alifuata kila kitu kama bibi wa kwenye simu. Maji baridi, povu likaenguliwa kwa upawa, kitunguu kizima, vitunguu saumu, chumvi. Hakutia manjano, hakutia bizari, hakutia ndimu. Nilimwona mkono ukienda kwenye kikopo cha bizari wenyewe, halafu unarudi. Nyama ilipolainika akatia mihogo na mahindi, baadaye karoti na viazi, mwisho kabichi vipande vinne. Mchuzi ukabaki mwangavu, mwembamba, unaonekana mpaka chini.

Mama mkubwa Mize, dada yake mama, alifika adhuhuri kusaidia. Alifunua kifuniko, akachungulia, akanitazama kama vile nimemwonyesha maiti.

"Mnafua nini humu?"

"Sankochado, mama mkubwa."

"Na tui liko wapi?"

"Haitiwi tui," mama akasema. "Ndivyo wanavyopika huko."

"Mwanamkuu. Mume anarudi, wazee wanakuja, unawapa mihogo ya maji? Kama ya hospitali?"

"Dada, niachie. Nimekuomba."

Mama mkubwa akafyonya, akaketi kwenye kigoda, akaanza kumenya vitunguu vya kachumbari kwa hasira. Nikamwambia asikimenye sana kitunguu, hakijamkosea. Akanirushia ganda.

Jua lilipoanza kupinda, mama akaenda kuoga. Mimi nikaingia ndani kutandika mkeka mpya, ule alioanza kuusuka siku baba alipofika, wenye rangi tatu. Nilikawia kidogo kunyoosha pembe zake. Niliporudi jikoni nikakuta mbuzi ya kukunia imekaa katikati ya jiko, machicha ya nazi kwenye kifumbu yamekwisha kukamuliwa, na mama mkubwa anakoroga sufuria taratibu, uso umetulia kama mtu aliyemaliza sala.

"Mama mkubwa, umefanya nini!"

"Nimemwokoa mdogo wangu."

Mchuzi ulikuwa mweupe wa maziwa, mzito, unameta mafuta juu. Kabichi la Peru lilikuwa linaogelea kwenye tui la Baleni.

Mama alitoka kuoga, khanga mbili mpya, wanja machoni. Hakupiga kelele. Alisimama juu ya sufuria, akachota kwa upawa, akamimina, akachota tena, kama vile tui lingeweza kuchaguliwa na kutolewa moja moja. Halafu akakaa chini na khanga zake mpya, hapo hapo kwenye majivu.

"Dada," akasema, "kitu kimoja tu. Nilitaka kitu kimoja tu kiwe sawa."

"Kitamu hivyo, onja basi..."

"Sikutaka kitamu."

Na hapo hapo nje: "Hodi! Hodi wenyewe!" Ilikuwa sauti ya babu Suleimani. Hakukuwa na nyama nyingine wala muda mwingine. Nikampangusa mama majivu, nikamwambia, "Twende. Akiuliza, tutasema kabichi lenyewe ndilo lenye maziwa." Hakucheka, lakini aliinuka.

Waliingia babu Suleimani, wazee wawili wa msikitini, baba mdogo Abeid na kanzu yake ya Idi, na baba. Begi lake liliachwa ukumbini, limesimama kando ya mlango kama mtu anayengoja kuitwa. Wakakaa kwenye mkeka. Mama akakaa upande wa pili wa sinia, mkabala na baba. Mimi na mama mkubwa tukasimama mlangoni, ndiyo nafasi yetu. Nikapakua: nyama katikati, mihogo na mahindi pembeni, kabichi, mchuzi mzito juu yake. Uso wa mama ulikuwa wa mtu anayengoja hukumu.

Babu Suleimani akasema Bismillahi. Baba akamega muhogo, akauchovya, akabana na kipande cha nyama, akatia kinywani.

Akafumba macho.

Nilijua atatema. Nilikuwa nimeshaandaa neno la kuwachekesha wazee.

"Mashaallah," baba akasema, macho bado yamefumbwa. "Hii ndiyo yenyewe. Hivi hivi, Mama Umi. Umejuaje? Miaka yote hii nimeila hivi hivi, haijapungua kitu."

"Nilisema mimi!" mama mkubwa akaropoka mlangoni. "Nilisema tui ndilo..." Halafu akajiziba mdomo.

Mama alikuwa amekwisha kumega muhogo wake. Ulikuwa katikati ya vidole, umechovywa, unadondosha mchuzi. Ulibaki hapo hapo, juu ya sinia.

"Na tui walikuwa wakitia?" akauliza. Sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza kama mvua imenyesha.

"Ee, tui zito," baba akasema, tayari anamega tena. "Bila tui ingekuwa supu hii? Linatiwa mwisho, moto umepunguzwa, hivi hivi."

Wazee wa msikitini waliendelea kutikisa vichwa kwa furaha. Babu Suleimani aliacha.

Mimi mdomo wangu ukatangulia, kama kawaida yake. "Baba," nikasema, "minazi ya Peru inakwewa kwa ngazi au inajishusha yenyewe?"

"We mtoto!" baba mdogo Abeid akanikemea. "Wakubwa wanakula."

Baba alikuwa ameacha kutafuna. "Zinakuja... zile za kopo," akasema. "Za meli. Waarabu wanaleta."

"Barazani ulisema tangu uondoke hujaonja tui," nikasema.

"Nyamaza, Umi," mama akasema. Hakunitazama. Alikuwa anamtazama baba, na baba, badala ya kumtazama mama, alimtazama mdogo wake. Baba mdogo Abeid akainamisha macho kwenye mkeka, akaanza kufuata mstari mwekundu kwa kidole, mwanzo mpaka mwisho, kama anaukagua.

Mama akaona kila kitu hapo.

"Abeid," akasema. "Wapi?"

"Shemeji, tule kwanza. Mambo mengine..."

"Nikishakula siruhusiwi kuuliza. Kwa hiyo nauliza. Wapi?"

Nje kuku mmoja alikuwa anaparua majani, nikatamani apige kelele zaidi.

"Mikindani," baba mdogo akasema.

Mikindani iko Mtwara. Si ng'ambo ya bahari yoyote. Unavuka kwenda Nyamisati, unatafuta basi la kusini, unalala njiani mara moja, umefika, na chenji ya soda inabaki.

Baba akaanza kusema haraka haraka. Peru alikwenda kweli, wallahi, misimu miwili. Supu alifundishwa na mpishi wa meli. Mkataba ukaisha, meli ikamshusha Mtwara, hakuwa na kitu mkononi, akaona aibu kurudi hivyo, akasema atafute kidogo kwanza. Halafu...

"Halafu ukamfundisha mwanamke wa huko supu," mama akasema. "Naye akaona haina tui, akatia."

Baba akajipangusa mchuzi vidoleni.

"Si kosa lake," mama akasema. "Hata dada yangu kashindwa kuacha. Ana watoto?"

"Wapo," baba mdogo akasema, kwa vile ulimi wake sasa ulikuwa umefunguka. "Mkubwa kaanza shule. Huyo mwanamke ndiye kamtoa, shemeji. Kamfukuza. Ndiyo maana karudi."

Nadhani alifikiri anasaidia.

Babu Suleimani akakohoa. Ni mzee mwema, aliyemlea mama tangu baba yake alipokufa, na mpaka leo najilazimisha kukumbuka hivyo. "Mwanamkuu, mwanangu," akasema. "Mtu kakosa. Nani hakosi? Lakini karudi, yuko hapa, kala chakula chako mbele yetu. Umengoja kwa subira, usiitupe subira yako mlangoni. Kula tonge lako, mwanangu. Tufunge jambo hili."

"Kula, Mwanamkuu," wazee wa msikitini wakasema. "Shetani asiingie."

Nikamtazama mama mkono wake. Nilitaka kupiga kelele, na nilikuwa najua kwamba nikipiga, wazee watasema ni mtoto ndiye aliyemharibia mama yake ndoa. Nikauma ulimi, kwa mara ya kwanza maishani, na unauma kweli.

Mama akaurudisha muhogo kwenye sinia. Hakuutupa. Aliuweka upande wa baba, taratibu, kama unavyomwekea mgeni.

"Kaleni," akasema. "Mimi sijala."

Akainuka, akatoka.

Kitu ambacho sitamsamehe baba, hata akija kuniomba akiwa amepiga magoti, si Mikindani. Ni kwamba wakati wazee hawajui waweke wapi macho yao, yeye mkono wake ulikwenda kwenye sinia. Akauchukua muhogo ule wa mama, akaula. Halafu akajisogezea mfupa.

Jikoni nilimkuta mama mkubwa analia kwa sauti, kajifunika khanga usoni. "Mimi ndiye nimeharibu. Mikono yangu hii. Si ungenipiga, Mwanamkuu!"

"Hukuharibu kitu," mama akasema. Alikuwa anatoa makumbi motoni, moja moja, anayazima kwa maji. "Usingetia, saa hizi ningekuwa nimekwisha kumtandikia."

"Mama," nikasema, "angalau kabichi..." Haikuwa na mwisho ile sentensi.

Mama akakaa, akasema, kama anajisemea, "Angekuwa Peru, hata na mke wa Peru, ningekula. Peru mtu unapotea. Lugha huijui, baridi, makaratasi. Nilikuwa namwona kabisa, amekaa kwenye jiwe, anatetemeka, anatukumbuka. Usiku nikijifunika nilikuwa naona haya kwamba mimi nina shuka." Akapangusa wanja kwa kiganja, ukaenea shavuni. "Mwenzangu anakula tui."

Wazee waliondoka bila dua. Begi likaondoka nao.

Ungedhani Baleni ingemcheka baba. Walimcheka siku mbili. Wakamwita Mperu, watoto wakamwimbia njiani. Halafu hadithi ikageuka, nikaisikia kisimani ikiwa na umbo jipya: Mwanamkuu kamnyima mumewe tonge mbele ya wazee. Mwanaume kala, yeye kakataa. Moyo gani huo? Wale waliomsikitikia baba kwa kukosa tui sasa walitusalimia juu juu. Baba mdogo Abeid anaswali safu ya mbele kama kawaida, na hakuna aliyemuuliza zile habari za kila Idi alikuwa anazitunga wapi. Mimi nilimuuliza. Nilimwambia angeenda kusomea utangazaji. Akaniambia sina adabu, na waliokuwepo wakakubaliana naye.

Babu Suleimani hakuja kwetu mpaka mwezi ukaandama. Alipokuja alikataa hata maji.

Mama alikwenda kwa shehe kuomba faskhi, ile aliyoambiwa aiombe zamani, fundi Zubery akiwa bado anangoja. Nilimsindikiza. Shehe alimsikiliza vizuri, akamwonea huruma, akasema tatizo ni moja. Zamani mume alikuwa hajulikani aliko, ingekuwa rahisi. Sasa anajulikana, na karudi kutaka ndoa yake mbele ya mashahidi. Lazima aitwe, asikilizwe. Na Haruni alikuwa ameshaondoka tena. Wenye habari walisema kaenda kumbembeleza yule wa Mikindani.

"Kwa hiyo nifanyeje?" mama akauliza.

"Tumtumie ujumbe," shehe akasema. "Usubiri."

Tulitoka nje, jua kali. Nilitafuta neno lolote la kumchekesha, nikakosa. Mama akajifunga khanga vizuri, akashika njia ya kwetu.

"Kusubiri kwenyewe nakujua," akasema. "Ila safari hii najua basi linashushia wapi."